Mark X, Brevis na Grande zikiteleza kwenye mvua: anza na tairi, LSD baadaye

Kila vuli ikigonga mlango, maswali ni yaleyale. "Kaka, nikikata kona na mafuta kidogo tu, mkia unakimbia. Nifunge difu ya LSD?" Kesho yake mwingine: "Nimekwama uwanjani kwa mama mkwe, tairi moja linazunguka kama feni, la pili limelala. Difu imekufa?" (Difu ni ule mkusanyiko wa gia unaogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma; LSD ni difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure.)

Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, na ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa. Jibu fupi kwa wa kwanza: hapana, angalia matairi yako kwanza. Kwa wa pili: difu haijafa, inafanya kazi vilevile ilivyotengenezwa. Jibu refu ndilo hili.

Gari lako linahusika?

Mwongozo huu ni wa magari yanayosukumwa na matairi ya nyuma: Mark II Grande, Verossa, Mark X, Crown, Brevis, Progres, Altezza, BMW nyingi, Mercedes nyingi, Hiace, na Noah za zamani zenye injini chini ya siti. Vitz, IST na Probox nyingi huvuta kwa mbele, ugonjwa wake ni mwingine.

Usikubali maneno ya dalali kuhusu 4WD (gari linalosukumwa na matairi yote manne), soma namba ya modeli. Kwa Toyota za ukoo wa Mark II ni rahisi: GX100 na GX110 ni za nyuma, GX105 na GX115 ni 4WD. Mark X GRX120, GRX121, GRX130 na GRX133 ni za nyuma, ila GRX125 na GRX135 ni 4WD. Brevis JCG10 na JCG11 ni za nyuma, JCG15 ni 4WD. Ukiona 5 mwishoni kwenye ukoo huo, una 4WD.

Nadharia, kidogo tu

Difu ya kawaida huyapa matairi mawili ya nyuma nguvu sawa, huku ikiyaruhusu kuzunguka kwa mwendo tofauti ili uweze kukata kona. Shida inaanzia kwenye hilo neno "sawa". Tairi lililo kwenye tope likihitaji nguvu ndogo tu ili lizunguke bure, basi na lile lililo kwenye lami linapata nguvu hiyohiyo ndogo. Halisogei.

LSD huvunja usawa huo na kulipatia nguvu zaidi lile tairi lenye mshiko. Ila sikiliza vizuri: LSD haiongezi mshiko hata chembe, inautumia tu ule uliopo. Matairi yako yakiwa vipara, LSD itahakikisha yanateleza yote mawili kwa pamoja. Kwa difu ya kawaida, tairi la ndani ya kona hushindwa kwanza na kuzunguka bure, huku la nje likiendelea kuushikilia mkia. Kwa LSD kali, ukizidisha mafuta kwenye lami iliyolowa, yote mawili yanaachia na mkia unaondoka mzima mzima. Ndiyo maana wanaocheza drifti wanaitafuta. Wewe unayempeleka mtoto shule huitafuti.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Geji ya upepo ya kwako mwenyewe (za kwenye sheli nyingi zimeshaanguka chini mara mia). Njiti ya kiberiti, rula na kalamu. Jeki, stendi mbili imara na kabari mbili za mbao au mawe makubwa. Tochi. Mtu wa pili wa kukusaidia. Kama utabadilisha oili ya difu, ongeza beseni, oili lita mbili, bomba la kusukumia oili na spana inayoingia kwenye nati za difu yako. Toyota nyingi ni namba 24 au allen namba 10, lakini jaribu kwanza kabla hujaenda dukani.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Kwenye mchanga jeki inazama.

Hatua kwa hatua

1. Pima upepo asubuhi, gari likiwa la baridi. Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usijaze kwa kuifuata hiyo. Magari ya Japani huandikwa kwa kPa: gawa kwa 6.9 upate psi. Kikisema 230, hiyo ni 33.

Kuna kanuni ya zamani iliyotokana na utafiti wa NASA kuhusu matairi ya ndege: kadiri upepo unavyopungua, ndivyo tairi linavyopanda juu ya maji na kuelea kwa spidi ndogo zaidi. Ukiipiga hesabu, tairi la psi 33 linaweza kuelea kwenye maji mengi likiwa karibu kilomita 95 kwa saa. Lenye psi 20, karibu 75. Kosa la kawaida hapa ni kusikia kwamba kupunguza upepo kunaongeza mshiko, kisha mtu anaendesha na psi 22 kwenye lami. Hiyo ni mbinu ya mchangani na matopeni.

2. Pima kashata, yaani kina cha mifereji ya tairi. Chora alama kwenye njiti ya kiberiti, milimita 3 kutoka mwisho, kisha izamishe kwenye mfereji wa tairi, sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Alama ikionekana juu ya mfereji, tairi hilo si la masika tena. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye urefu wa milimita 1.6, navyo ni alama ya mwisho kabisa. Usivisubiri. Chini ya milimita 3 tairi hupoteza uwezo wa kutoa maji haraka hata kama askari hatakuuliza kitu.

Pima upande wa ndani kwa makini. Mark X nyingi nilizoziona zina tairi la nyuma linalopendeza ukiwa umesimama pembeni, ukiingiza mkono kwa ndani unakutana na kipara. Mwenye gari haoni kwa sababu hapigi magoti.

3. Soma umri. Ubavuni tafuta neno DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba hukauka na kuwa ngumu hata tairi likikaa dukani. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka tisa, kwenye lami kavu utalisifia, mvua ikinyesha litakuumbua.

4. Panga matairi mazuri nyuma. Hapa watu hubisha sana, na mimi nilibisha mpaka siku niliponunua matairi mawili mapya nikayafunga mbele ya Grande yangu, kwa akili ya kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Wiki hiyohiyo, mvua ya kwanza, nikiingia kwenye mzunguko kwa mwendo wa kawaida kabisa, mbele paligeuka vizuri na nyuma hapakugeuka. Nikajikuta natazamana na daladala iliyokuwa nyuma yangu. Hakuna aliyeumia, ila konda alinipa maneno ambayo sitayaandika.

Ukiwa na hela ya matairi mawili tu, mapya yaende nyuma. Mbele ikiteleza utahisi kwenye usukani na utapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, ukija kuhisi umeshachelewa. Na kwenye ekseli moja matairi yafanane: saizi, aina na kiwango cha kuisha. Tairi moja likiwa kubwa kuliko mwenzake, difu inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, na kwa LSD ya sahani (yenye sahani zinazosuguana ndani) hiyo ni kuisaga.

5. Kagua bushi za nyuma (raba za kwenye maungio), kisha alaimenti (mwelekeo wa matairi). Magari haya yana arm kadhaa nyuma (mikono ya chuma inayoshikilia tairi), na kila moja ina bushi zake. Zikilegea, ukikanyaga mafuta tairi linabadilisha mwelekeo kidogo, na ukiachia linarudi. Kwenye ukavu unaona kama gari linaogelea. Kwenye mvua huo ndio mwanzo wa mkia kukimbia. Mwambie fundi atikise kila arm kwa chuma cha kutindulia huku wewe unaangalia kwa tochi. Badilisha zilizokufa, halafu ndipo upime alaimenti ya matairi manne. Ukipima kabla ya bushi umetupa hela, na wengi wanaopima huishia mbele tu, kwa hiyo mwambie mapema kwamba unataka na nyuma.

6. Jua una difu gani. Zima injini, weka kabari matairi ya mbele, nyanyua matairi yote mawili ya nyuma, kalisha gari kwenye stendi. Usiweke hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka gia P, au gia namba moja kama ni gari la gia za mkono, achia hendibreki, kisha zungusha tairi moja kwa mkono.

La pili likizunguka kinyume kwa wepesi, una difu ya kawaida. Ukikuta ugumu, ukazungusha kwa nguvu nyingi au ukashindwa, una LSD ya sahani, au difu yako imechomelewa (gia za ndani zimeunganishwa kwa kuchomelea) na mwenye gari wa kwanza. Zile za meno, maarufu kwa jina la Torsen, na zile za majimaji mazito, zinaweza kukudanganya kwa sababu zikizungushwa polepole hukubali kama za kawaida. Ukiwa na shaka, piga picha kibao cha chasisi chenye namba ya ekseli umpelekee muuza spea anayezijua. Altezza RS200 na Mark II Tourer V za gia za mkono ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuja na Torsen. Grande ya kawaida usitegemee.

7. Badilisha oili ya difu. Wengi hawajawahi kuigusa tangu gari lishuke bandarini. Kanuni moja tu: fungua nati ya juu, ya kujazia, kabla ya kufungua ya chini. Ukimwaga kwanza kisha ya juu ikagoma kufunguka, gari lako limelala hapo hapo.

Mwaga oili ikiwa ya vuguvugu. Ute mweusi kama grisi kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, mpigie fundi. Rudisha nati ya chini, jaza hadi oili ianze kumwagika kwenye tundu la juu, gari likiwa tambarare. Kwa Toyota nyingi za saluni ni lita moja na kidogo. Tumia GL-5, 75W-90 au 85W-90 kulingana na kitabu cha gari. Kama una LSD ya sahani, chupa lazima iseme inafaa kwa LSD, maana ina dawa ya kulainisha msuguano wa sahani.

8. Fundisha mguu. Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa vumbi, oili na maji vinachanganyika kuwa uji juu ya lami. Mvua ikishapiga sana uji huo unaoshwa. Jihadhari pia na mistari myeupe, mifuniko ya chuma ya mitaro, na udongo unaoburutwa na malori ya mchanga yanapoingia barabarani.

Breki ikanyage kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Ndani ya kona shikilia mafuta kidogo yasiyobadilika. Ongeza mafuta pale tu unaponyoosha usukani. Kwenye miteremko mirefu kama Kitonga, shuka na gia ndogo tangu juu. Ukiirudisha gia kwa ghafla katikati ya kona iliyolowa, injini inayabana matairi ya nyuma sawasawa na kuvuta hendibreki.

Kama gari lako lina kitufe kilichoandikwa SNOW, kimewekwa kwa ajili ya theluji ya Japani lakini hata huku kinafaa: gari linaondokea gia ya pili na mafuta yanakuwa mapole. TRC na VSC (mifumo ya umeme inayozuia gari kuteleza) ziache zimewashwa ukiwa kwenye lami. Anayekwambia uzizime ili gari liwe tamu, mwache aendeshe la kwake.

Mkia ukiondoka: achia mafuta taratibu, usipigilie breki, tazama unakotaka kwenda na upeleke usukani upande ambao mkia umekimbilia. Mara tu gari linapoanza kurudi, rudisha usukani nawe. Wengi huokoka mtelezo wa kwanza na kuumia kwenye wa pili, wa upande wa kinyume, kwa kuchelewa kurudisha.

Ukiwa umekwama

Hapa ndipo zima TRC, kwa sababu kila tairi likizunguka inakata nguvu na gari linabaki linakoroma tu. Nyoosha matairi ya mbele. Chimba udongo ulio mbele ya matairi yote mawili ya nyuma, lile lisilozunguka pia, kisha weka kokoto, matawi au kapeti za gari.

Halafu mbinu ya wazee wa teksi: vuta hendibreki kidogo, nusu ya njia, huku ukiongeza mafuta polepole. Hendibreki hubana matairi ya nyuma, tairi linalozunguka bure linapata kazi ya kufanya, na mwenzake anapata mgawo uleule. Mbinu hii husaidia hata Torsen, ambayo tairi moja likining'inia hewani kabisa haina ujanja. Usiifanye zaidi ya sekunde chache, breki zitaungua.

Usifurahie sauti ya tairi linalozunguka. Difu ya kawaida ikiwa na tairi moja limesimama, lile jingine linakwenda mara mbili ya kile geji ya spidi inachosoma kwenye magari mengi: ukiona 60, tairi liko kwenye 120. Vigia vidogo ndani ya difu havikutengenezwa kwa hilo, na tairi lenyewe linaweza kupasuka. Watu wakae mbali na nyuma na ubavu wa gari.

Mfuko wa mchanga kwenye buti unasaidia kuondoka, kweli. Uweke karibu na siti ya nyuma, juu ya ekseli, na uufunge. Ukiuweka mwisho wa buti, mkia ukianza kukimbia ule uzito ndio unausukuma.

Bado unataka LSD?

Zipo sababu za haki: unaishi kwenye kilima cha udongo mwekundu, au tairi la ndani linakushinda kila ukipanda kona kali. Basi chagua Torsen ama nyingine ya meno. Ni pole, haina sahani za kuisha na haikushtui kwenye mvua. Ya sahani ina nguvu zaidi lakini inataka oili yake, matengenezo yake na dereva wake. Ikiwa mpya, itembeze polepole kwa mizunguko ya namba nane uwanjani, kisha badilisha oili mapema.

Nunua kichwa cha difu kizima kilichotoka kwenye gari la ukoo mmoja. Kufungua kichwa chako na kubadilisha cha ndani tu kunataka vipimo vya nafasi ya meno, na fundi asiye na geji ya vipimo hivyo atakuachia difu inayolia. Hakikisha reshio inafanana: zungusha matairi yote mawili raundi moja kamili, gia ikiwa N, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela (ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu). Ifanye kwa difu yako na kwa ile unayoinunua. Na kabla hujalipa, shika flenji mbili za pembeni uzizungushe. Mimi niliwahi kuuziwa "LSD orijino" ambayo ilizunguka kinyume kwa wepesi wa baiskeli. Niliigundua nyumbani, hela ikiwa imeshaliwa.

Difu ya kuchomelea usikubali, hata fundi akikwambia ni bure. Ukikata kona kwenye lami, matairi yanagombana, gari linakataa kugeuka, kisha ghafla linageuka kupita kiasi. Ekseli huvunjika. Kwenye mvua sijui niseme nini.

Dalili na pa kuangalia

Nyuma inaguna ukikata kona pole, uwanja wa kuegesha: kwa LSD ya sahani, anza na oili isiyo yake. Badilisha, piga namba nane kadhaa, sikiliza tena. Kwa difu ya kawaida, angalia beringi na joint za ekseli.

Difu inalia kama mbu, na sauti inapanda na spidi: oili imepungua au beringi zinaisha. Tazama sili za pembeni na ya propela kama zinavuja.

Mkia unakimbia kona za kulia tu, au za kushoto tu: tofauti ya upepo, bushi ya upande mmoja, au alaimenti ya nyuma.

Taa ya VSC haizimi baada ya kufunga matairi: saizi hazifanani, au waya wa sensa ya tairi umekatwa wakati wa kufanya bushi. Kabla ya kununua sensa, fuata waya kwa tochi.

Hiace inazungusha tairi la nyuma la kulia tu: ekseli yake ni ya kipande kimoja, na mzunguko wa propela huupunguzia upande huo uzito ukikanyaga mafuta. Punguza mafuta, ondokea gia ya pili, na mzigo upangwe sawa.

Umefanya yote na bado linateleza kila mvua: pima tena upepo, safari hii kwa geji ya mtu mwingine.